Ujira Wakati wa Dhiki

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lamu



Halmashauri iliniagiza niseme machache juu ya vyama vya wafanyakazi, na hasa juu ya swali hili: maisha yakiwa magumu na fedha ikiadimika, mapatano baina ya wafanyakazi na waajiri hugeuka namna gani? Nashukuru kwa heshima hiyo. Mimi si wakili, wala si kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini wanachama wengi wanapoachishwa kazi huja kwangu niwaandikie barua zao, na kwa njia hiyo nimeona jinsi dhiki inavyomkuta mtu aliyejiandaa na jinsi inavyomkuta asiyejiandaa. Tofauti yao si ndogo.

Wako watu wasemao kwamba wakati wa njaa hapana mapatano; aliye na kazi na ashukuru alichopewa. Wako na wengine wasemao kwamba dhiki ndiyo inayowaamsha wafanyakazi wakaungana. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, wala hapana iliyo kamili. Ili tuzipime, yatupasa kwanza kutenga dhiki za aina mbili.

Dhiki ya kwanza ni ile ambayo kazi ipo, ila bei ya chakula na kodi ya nyumba zimepanda hata ujira hautoshi. Dhiki ya pili ni ile ambayo kazi yenyewe inatoweka: meli haziji, wageni hawaji, au soko limefungwa. Katika dhiki ya kwanza mfanyakazi ana nguvu, maana mwajiri anaihitaji mikono yake. Katika dhiki ya pili nguvu hiyo humtoka, maana mlangoni wamesimama watu kumi wanaoitaka nafasi yake. Asiyezitenga dhiki hizi mbili hudai nyongeza siku ambayo ingempasa kuitetea kazi yake, na hunyamaza siku ambayo angedai akapata.

MOMBASA, 1939 HADI 1955

Tuutazame kwanza mji wa Mombasa, ambao vijana wetu wa Amu, Pate na Faza wameuendea tangu zamani kutafuta riziki.

Mwishoni mwa Julai 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa maelfu, wakiwamo wa bandarini. Hawakuwa na chama cha kuwasemea. Malalamiko yao makubwa yalikuwa ujira mdogo na kodi ya nyumba. Tume iliyoongozwa na Bwana H. C. Willan ilichunguza mambo hayo, ikaonyesha wazi ubaya wa makazi yao, na baadhi yao wakapewa posho ya nyumba. Kisha vita ikaja, na pamoja nayo bei za vitu zikapanda kupita mishahara.

Tarehe 13 Januari 1947 mji ulisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata watumishi wa majumbani. Walikuwa wakikutana kila siku katika uwanja wa Kiembeni, Majengo, nao walikaa hivyo kwa muda wa siku kumi na mbili. Bwana Eliud Mathu, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alikwenda kusema nao, wakakubali kurudi kazini kwa ahadi kwamba shauri lao litasikilizwa. Baraza la uamuzi chini ya Jaji Thacker liliwaongeza wengi mishahara na posho za nyumba, na likaweka utaratibu wa likizo.

Hapo mtu atasema kwamba wafanyakazi walishinda. Ni kweli walipata fedha. Lakini mwezi wa Agosti mwaka uo huo Bwana Chege Kibachia, aliyekiongoza chama chao kipya cha African Workers' Federation, alikamatwa akapelekwa Baringo, akazuiliwa huko miaka mingi. Kiongozi alipoondoka, chama kilidhoofika kikafa. Nyongeza ilibaki, lakini meza ya kuzungumzia nyongeza ya mwaka wa pili haikuwapo. Bei zilipopanda tena, wafanyakazi walikuwa hawana wa kumtuma.

Mwaka 1955 mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Chama cha wafanyakazi wa bandari, Dockworkers Union, kilikuwa kimekwisha kuandikishwa mwaka 1954. Mgomo ulipozuka bandarini mwezi wa Machi 1955, nchi ikiwa bado katika Hali ya Hatari, Bwana Tom Mboya alitoka Nairobi akawashawishi watu warudi kazini ili madai yao yapelekwe kwa mwamuzi. Walipata nyongeza kubwa, na safari hii chama chao kilibaki hai kuzungumza mwaka uliofuata na miaka iliyofuata. Katika miaka minane hiyo tangu 1947 wafanyakazi walikuwa walewale, na bei zilizowasumbua ni zilezile. Kilichozidi ni chama chenye daftari la wanachama.

Liko jambo jingine la Mombasa ambalo sisi watu wa pwani yafaa tulikumbuke. Katika miaka hiyo ya 1950 waajiri wa bandari, kwa msaada wa Serikali, walianza kuwapunguza vibarua wa siku na kuwaweka watu wa kudumu. Aliyepata nafasi aliongezewa ujira na usalama. Lakini mtu wa pwani aliyezoea kufanya kazi siku chache bandarini, kisha akarudi shambani kwake au baharini, aliikosa nafasi yake. Basi mapatano mazuri kwa walio ndani yaweza kuwa mlango uliofungwa kwa walio nje. Chama chenye hekima huuliza pia habari za hao walio nje.

SERIKALI YAINGIA MEZANI

Tarehe 15 Oktoba 1962 Serikali, Shirikisho la Waajiri na Shirikisho la Wafanyakazi walitia sahihi Hati ya Mahusiano ya Kazi. Bwana Mboya wakati huo alikuwa Waziri wa Kazi. Hati hiyo iliweka taratibu: mwajiri akitambue chama chenye watu wake, mashauri yazungumzwe kwanza, mgomo na kufungiwa nje viwe vya mwisho. Tangu hapo meza ya mapatano ina viti vitatu, na kila dhiki iliyofuata ilikifanya kiti cha tatu kuwa kikubwa zaidi.

Ushahidi wa kwanza ulikuja mara baada ya uhuru. Watu wasio na kazi walikuwa wengi mno. Mwaka 1964 pande tatu zilipatana hivi: waajiri wa binafsi waongeze watu kwa asilimia 10, Serikali iongeze kwa asilimia 15, na vyama vya wafanyakazi visidai nyongeza wala visigome kwa muda wa mwaka mmoja. Mapatano ya namna hiyo yalirudiwa mwaka 1970 na tena mwaka 1979. Angalieni kilichouzwa na kilichonunuliwa. Mfanyakazi mwenye kazi aliuza nyongeza yake ili asiye na kazi apate. Ni jambo la kiungwana. Lakini waliojitokeza kuandikishwa walizidi sana nafasi zilizopatikana. Tena ahadi ya kutogoma yaweza kuonekana siku ile ile inapovunjwa, na ahadi ya kuajiri ni ngumu kuipima, kwa sababu aliyeajiriwa leo aweza kuondolewa kesho kimyakimya.

Mwaka 1965 vyama vikaunganishwa chini ya COTU. Kisha mwaka 1973, mwaka ambao bei ya mafuta ilipanda duniani kote, Serikali ilitoa miongozo ya mishahara iliyoiongoza Mahakama ya Viwanda. Kwa miongozo hiyo mishahara haikuruhusiwa kuzifuata bei kikamilifu. Fidia ilikuwa ya sehemu tu. Utaratibu huo ulidumu miaka mingi, na kila mwaka uliopita ulimla mfanyakazi kidogo kidogo. Ulilegezwa mwaka 1994, baada ya mfumuko wa bei wa mwaka 1993 kupita asilimia 40. Vyama vikapewa ruhusa ya kudai fidia kamili. Lakini katika miaka hiyohiyo sheria ya kupunguza wafanyakazi nayo ililegezwa, na Serikali yenyewe ilikuwa ikiwapunguza watumishi wake kwa maelfu. Mkono mmoja uliruhusu nyongeza; mkono wa pili ulifungua mlango wa kutokea. Ndipo vyama vingi vilipojikuta vikizungumza habari za nani atatoka na atatoka na nini, kuliko habari za shilingi za mwezi.

Mambo hayo yalionekana tena mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona. Hoteli zilifungwa. Mwezi wa Machi mwaka huo Wizara ya Kazi, waajiri na COTU walitia sahihi maafikiano ya pamoja juu ya namna ya kuipita dhiki hiyo. Mahali palipokuwa na chama kilichotambuliwa, palikuwa na mtu wa kuuliza: likizo isiyo na malipo itakwisha lini? Mshahara ukipunguzwa, wa mkubwa utapunguzwa pia? Kazi zikirudi, nani ataitwa kwanza? Mahali pasipokuwa na chama, maswali hayo hayakuwa na wa kuyauliza.

KWETU LAMU

Sasa nije nyumbani. Katika visiwa vyetu dhiki imekuja mara nyingi kwa namna ya pili, yaani kazi yenyewe kuondoka.

Wazee mliopo hapa mwaikumbuka biashara ya boriti. Mikoko ya Lamu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwa karne nyingi majahazi yaliipakia kwa korija kwenda Arabuni na Ghuba. Mwaka 1982 Serikali ilikataza kuuza boriti nje ya nchi. Mwezi wa Februari 2018 ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakata mikoko wakakaa bila kazi. Sisemi kwamba misitu isihifadhiwe. Mikoko ikiisha na samaki nao wataisha. Nasema kwamba mkata mikoko hakuwa na mkataba uliosema atalipwa nini kazi ikisimamishwa. Alikuwa na panga, mashua, na mara nyingi deni la posho aliyotangulizwa na tajiri.

Mwezi wa Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na watalii wakatukimbia. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, na Julai ikafuata amri ya kutotoka nje usiku. Wavuvi wakazuiwa kuvua usiku. Hoteli na nyumba za wageni za Amu na Shela zikakaa tupu. Watumishi wengi waliambiwa kwa mdomo: "Nenda nyumbani, tutakuita." Baadhi yao waliitwa. Wengine hawakuitwa mpaka leo, wala hawakupewa barua, wala hawajui kama waliachishwa au wamo likizoni.

Sisemi haya kwa kuwalaumu waajiri wote. Mwenye hoteli asiye na mgeni hana pa kuutoa mshahara, na wako waliokopa ili wasiwatupe watu wao. Lakini huruma ya mwajiri mwema si mkataba. Akiuza nyumba yake kwa mwingine, huruma haimo katika hati ya mauzo.

Tusisahau mfano wa wavuvi. Mvuvi hana mwajiri. Mapatano yake ya zamani ni mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu na mafungu ya watu. Bandari ilipoanza kujengwa Magogoni, baada ya mradi kuzinduliwa tarehe 2 Machi 2012, mahali pao pa kuvulia paliharibiwa. Wenyeji walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Baadaye pande hizo zilikaa kuzungumzia namna ya kulipa, sehemu kwa fedha na sehemu kwa vyombo na zana za kazi. Ninalotaka mlione ni hili: wavuvi hawakuwa na chama cha wafanyakazi, lakini waliandikana majina, wakasimama pamoja, wakapata meza. Mvuvi mmoja peke yake, hata angekuwa na haki kiasi gani, asingesikilizwa.

Na bandari hiyo ilipofunguliwa tarehe 20 Mei 2021, lile swali la Mombasa la miaka ya 1940 na 1950 lilifika kwetu: kijana wetu ataingia humo kama nani? Neno "kibarua" asili yake ni barua ndogo, kile kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Wakati wa ukoloni ikaja karatasi ya pili, kipande, ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua, nacho kiliandikwa mwajiri wake na ujira wake. Karatasi hizo mbili ziliandikwa na wengine juu ya mfanyakazi. Iko ya tatu tu ambayo yeye mwenyewe ana mkono ndani yake, nayo ni mkataba wa pamoja.

SHERIA YASEMAJE

Nitayataja mambo manne kwa ufupi, maana nimeona wengi hawayajui.

Kwanza, Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na yakipa chama haki ya kufanya mapatano ya pamoja.

Pili, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku za kazi zinazotimia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Lakini ataonyeshaje kwamba alifanya siku hizo, ikiwa hakuziandika?

Tatu, sheria hiyohiyo yasema mtu akiondolewa kwa sababu kazi imepungua, sharti taarifa itolewe mwezi mmoja mbele, kwa chama chake au kwake mwenyewe kwa maandishi, na kwa afisa wa kazi. Hulipwa pia si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Chukueni mfano wa mpishi wa miaka 12: hizo ni siku 180 za mshahara. Aliyeambiwa kwa mdomo "tutakuita" aweza kuzikosa zote, kwa kuwa hapana siku iliyoandikwa kwamba aliachishwa.

Nne, mwajiri hulazimika kukitambua chama cha wafanyakazi kilichoandikishwa pindi zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili watakapojiunga nacho. Chama chetu hiki ni cha ustawi; twaweza kuzika, kusomesha na kusaidiana, lakini hatuwezi kutia sahihi mkataba wa pamoja. Watu wa hoteli wanacho KUDHEIHA. Watu wa bandari wanacho Dock Workers Union. Huko ndiko kwa kuandikishwa.

TUFANYE NINI?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi pia ni mali. Naomba kila mwanachama aliyeajiriwa awe na daftari dogo la kuandikia siku alizofanya, ujira aliopokea na aliyemlipa. Asiyejua kuandika na aje kwangu au kwa mwanawe.

Tena tujiunge na vyama vya kazi zetu wakati wageni wapo na kazi ipo, si siku milango inapofungwa. Nahodha hukalafati chombo kikiwa pwani. Hapana anayekalafati katikati ya kusi. Na vyama hivyo vinapozungumza, visidai shilingi peke yake. Vidai pia maneno ya siku mbaya yaandikwe: kazi ikipungua nani atatoka kwanza, upunguzaji wa mshahara uwaguse wakubwa na wadogo, na uwe na siku ya kukoma, mwajiri anayesema hana fedha aonyeshe vitabu vyake, na kazi ikirudi, walioondoka waitwe kabla ya wageni.

Kwa wavuvi, wakata mikoko na mabaharia, ambao hawana mwajiri mmoja, vyama vya ushirika na vikundi vya BMU ndivyo meza yao. Majina yaandikwe, vyombo viandikwe, na siku za kazi ziandikwe, ili itakapokuja amri nyingine ya kusimamisha kazi tuwe na hesabu ya hasara yetu mkononi.

Mwisho, Halmashauri yashauri tuanzishe mfuko wa dhiki, mbali na mfuko wa mazishi. Mfanyakazi asiye na unga ndani ya nyumba hutia sahihi karatasi yoyote anayowekewa mbele yake. Kinachomwezesha kusema "nipe nisome kwanza" ni unga wa wiki mbili. Mara nyingi mapatano huharibika kwa upungufu wa wiki mbili hizo.

Bwana Mwenyekiti, siwezi kuahidi kwamba siku mbaya hazitarudi visiwani kwetu. Nimeeleza tu kwamba katika kila dhiki iliyopita kuna waliokuwa mezani na kuna waliongojea nje kuambiwa yaliyokatwa. Pendekezo la mfuko litasomwa sasa na Bwana Mweka Hazina, na daftari la majina litakuwa juu ya meza yake mpaka mkutano ufungwe.